Mto Uliohamishwa kwenye Karatasi

Saa nne na nusu asubuhi mpelelezi alikuwa ameshakaa na yule mzee mchora ramani nusu saa nzima, mle mahabusu, na mzee alikuwa hajatoa neno zaidi ya yale manne.

"Sahihi ni yangu, afande."

"Hilo nimelisikia. Mimi nakuuliza mstari."

"Sahihi ni yangu, afande."

Basi ndivyo walivyokuwa, kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, kila mtu na upande wake. Mpelelezi mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mnene kidogo, hana papara hata chembe. Askari wenzake walimbandika jina la Kobe kwa sababu ya ule mwendo wake, na yeye jina alilijua wala halikumkera. Alikuwa akisema kobe hajawahi kukamatwa kwa mwendo kasi.

Mezani kati yao palikuwa na karatasi kubwa, upana wake kama mlango, ile karatasi ngumu inayopitisha mwanga. Juu yake ramani nzima imechorwa kwa wino mweusi, na pembeni chini, kwenye kisanduku, sahihi ya mzee.

Sasa ngoja nieleze kisa chenyewe, maana bila hicho hutajua kwa nini karatasi moja iliwatoa watu jasho namna ile. Siku hizo ramani zilikuwa bado zinachorwa kwa mkono. Shirikisho lilikuwa na mikoa mitatu: Juu, Kati na Chini. Bungeni viti sitini na kimoja, na kila mkoa unapewa kiti kimoja kwa kila watu elfu hamsini. Watu wakishahesabiwa, Tume ya Mipaka inachora ramani upya, mwenyekiti anasaini, na ikishasainiwa ndiyo sheria. Hakuna korti ya kuigusa kwa miaka kumi.

Chini walikuwa na viti thelathini. Juu kumi na tisa, Kati kumi na viwili. Hao wawili wakishikana mikono ni thelathini na kimoja, na kwa kile kiti kimoja cha ziada ndio waliokuwa wanaamua lango la bwawa linalopeleka maji Chini lifunguliwe lini na lifungwe lini. Hesabu hii haihitaji shule, vidole vinatosha. Na kile kiti cha kumi na tisa cha Juu kilikuwa kinaning'inia kwa watu mia nne tu. Ukiwapunguzia hao, kimedondoka. Chini nao walikuwa wamepungukiwa watu mia saba wapate cha thelathini na moja.

Haya. Mpakani mwa Juu na Chini, mto unagawanyika mikono miwili halafu unakutana tena, na katikati pana kambi ya wafyatua matofali. Watu elfu moja mia moja na sita. Mkono wa zamani umekauka tangu yale mafuriko. Maji yanapita mkono mpya. Mpaka ukipita mkono mpya, kambi iko Juu. Ukipita mkono wa zamani, kambi iko Chini, na kiti kimehama, na ufunguo wa bwawa umehama nacho.

Tume ilikubaliana mkono mpya. Lakini katibu, kwenye kumbukumbu za kikao, aliandika "mpaka ufuate mto", akaweka nukta, akaenda kunywa chai. Jana yake asubuhi karatasi ilipotolewa kabatini, mstari ulikuwa umepita mkono wa zamani. Mjumbe wa Juu akapiga meza mpaka glasi zikaruka. Mjumbe wa Chini akasema yeye anakumbuka vizuri kabisa, ni mkono wa zamani ndio waliousema. Mjumbe wa Kati alikuwa hospitali siku ya kikao, hajui hili wala lile. Akaitwa mchora ramani, mzee wa miaka thelathini kazini, na watu wote wakakumbuka kwa mpigo kwamba kazaliwa Chini. Akaitazama karatasi. Akasema hayo maneno yake manne. Akafungwa pingu.

Mwenyekiti, jaji mstaafu, alisema neno moja akaenda zake: "Kesho saa tisa alasiri sheria inanitaka nisaini. Jaji haendi kwa kumbukumbu za watu. Nitasaini karatasi iliyo mezani, mpaka mtu aniletee nyingine."

Na hiyo kesho ndiyo leo.

"Mzee wangu," Kobe alisema, "nitazame. Ukipatikana na hatia ni miaka saba. Una miaka sitini na mbili. Piga hesabu."

Mzee alinyoosha mkono akaigusa karatasi, si kwenye mto, si kwenye sahihi. Aligusa pembe ya juu, palipokuwa na kitundu kidogo. Akapapasa kile kitundu kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayepima ukali wa wembe. Kisha akaurudisha mkono haraka akaukalia.

Kobe aliona.

"Afande, nina ombi moja," mzee akasema, na hayo yakawa maneno mapya ya kwanza siku hiyo. "Shemeji yangu anafanya kazi masijala ya Tume. Mke wa marehemu mdogo wangu. Mwambie asiwalete watoto hapa wanione."

"Nitamwambia mwenyewe."

"Mwambie tu wasije. Asiulize mengine."

*

Masijala ya Tume ilikuwa chumba kirefu ghorofa ya kwanza, mafaili yamepangwa mpaka darini, yamefungwa kwa kamba. Dirisha moja kubwa, linatazama jua linapotokea. Mama wa masijala alikuwa mwembamba, miwani puani, sindano mbili zimechomekwa kifuani kama medali. Chini ya meza palikuwa na cherehani ya mkono imefunikwa kitambaa, na nyuma ya mlango, kwenye msumari, zilitundikwa karatasi za kukatia nguo: mikono, migongo, mifuko. Kila mtu ofisini alijua kwamba anashona sare za shule wakati wa mapumziko, na hakuna aliyemsema, kwa sababu kila mtu alikuwa ameshapunguziwa suruali mle ndani.

"Afande, karibu. Shemeji amekula?"

"Amepewa uji. Hakuugusa."

"Hawezi uji ule. Uji wake anataka mzito." Akavua miwani, akajifuta macho kwa kiganja, akaivaa tena. "Na wewe kifungo hicho cha juu kinaning'inia. Utakwenda hivyo mbele ya mwenyekiti? Njoo hapa."

"Niache, mama, nina haraka."

"Haraka gani, na wote tunajua wanakuitaje? Inua kidevu."

Kobe akainua kidevu. Hivyo mahojiano yakafanyika na sindano ikipita chini ya koo la mpelelezi, na sajini, kijana wa watu mrefu kama nguzo, amesimama mlangoni anajitahidi asicheke.

"Karatasi ilikaa kwenye kabati lako siku ngapi?"

"Tisa. Usitikisike."

"Funguo za kabati?"

"Ninazo mimi, na anazo katibu. Basi."

"Nani aliitoa katika hizo siku tisa?"

"Mimi simtaji mtu." Akavuta uzi. "Ila lipo daftari la funguo pale, nalo halioni aibu."

Sajini akalifungua. Akasoma kwa sauti: Alhamisi jioni, katibu. Ijumaa jioni, katibu. Jumamosi, katibu. Jumapili, katibu. Jumapili nzima, ofisi imefungwa, na funguo ziko kwa katibu.

"Mzee anasema watoto wasiende kumwona," Kobe alisema.

Sindano ilisimama. Kidogo tu, kama kupepesa jicho.

"Kasema hivyo? Na nini kingine?"

"Kasema usiulize mengine."

Mama wa masijala akainama, akakata uzi kwa meno karibu kabisa na shingo ya mpelelezi. "Tayari. Hicho hakitoki tena." Akageuka kuchomeka sindano. Kobe alibaki amesimama anatazama ule msumari nyuma ya mlango. Karatasi nyingi pale zilikuwa magazeti na mifuko ya saruji. Lakini chache zilikuwa ngumu, nyeupe za kupitisha mwanga, na mkono mmoja wa shati ulikuwa na ukingo mwembamba wa bluu pembeni.

Aliona, lakini kwa wakati ule kichwa chake kilikuwa kwa katibu.

*

"Ni huyu huyu katibu," sajini alisema wakiwa kwenye ngazi. "Kaandika kumbukumbu zenye tobo, kachukua funguo siku nne. Tumfunge tukale."

"Wewe tumbo lako ndilo linalopeleleza. Kwanza karakana ya ramani."

Karakana ilikuwa chini kabisa. Meza tatu zilizolala mshazari, mbili tupu tangu watu wastaafu, moja ya mzee. Ukutani ratiba, kikombe, koti la kazi. Kobe akafungua droo pana, akatoa ramani za zamani za mzee, kumi na moja, akazitandaza sakafuni. Halafu akapiga magoti, jambo ambalo si dogo kwa mwili wake, akawa anapapasa pembe za kila karatasi kwa kidole gumba kama alivyofanya mzee.

"Unatafuta nini, afande?"

"Sijui. Yeye aligusa pembe. Njoo uone hapa. Unaona nini?"

"Matundu ya pini."

"Ukubwa wake?"

Sajini akainama. "Makubwa. Yamelegea kama tundu la kifungo kwenye shati kuukuu. Na kuzunguka tundu pana duara jeusi."

"Hilo ni kichwa cha pini kimekandamiza. Mzee anabandika karatasi ubaoni asubuhi, anabandua jioni, kesho tena, na kila mara anarudi kwenye matundu yale yale ili asiichoshe karatasi. Ramani moja inachukua wiki tatu. Kwa hiyo matundu yanalegea, na kichwa cha pini kinaacha duara." Akaikunjua ile karatasi ya mgogoro, aliyokuwa anatembea nayo kwenye bomba la kubebea ramani. "Sasa hii."

Sajini akatazama pembe moja, ya pili, ya tatu, ya nne.

"Vitundu vidogo. Vimekaza. Duara hakuna."

"Hii haijawahi kubandikwa ubaoni hata siku moja."

"Lakini imechorwa."

"Imefuatishwa, sajini. Mtu kaweka karatasi mpya juu ya ile ya mzee, akafuatisha kila kitu, barabara, majina, mpaka sahihi. Kila kitu isipokuwa mto, urefu wa vidole vitatu hivi. Na ili karatasi mbili zisiteleze, alizitoboa pembeni pamoja." Akanusa ile pembe, sijui kwa nini, labda mazoea. "Mzee alijua pale pale alipogusa. Ila kanyamaza. Mtu anakaa kimya miaka saba kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya katibu hapana. Hawapendani."

"Na karatasi hizi zina nini pembeni?"

Sajini akapitisha kidole. Karatasi zote za Tume, za zamani na mpya, zilikuwa na ukingo mwembamba wa bluu.

Kobe akainuka kwa kushikilia mguu wa meza. Ilikuwa saa saba na robo.

"Wewe rudi mahabusu," alisema. "Muulize mzee swali moja tu: nani mwingine katika familia yake anajua kushika kalamu ya wino. Usimwambie kwa nini. Mimi naenda kwa katibu."

*

Katibu alikuwa mtu wa tai na mafuta ya nywele. Alipoona mpelelezi anaingia bila kubisha alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Jumapili ulikuwa na funguo za kabati," Kobe alisema.

"Kazi ni nyingi, afande. Taifa halina Jumapili."

"Uliitoa karatasi?"

"Sikuigusa! Naapa kwa mama yangu mzazi."

"Basi ulikuwa unafanya nini humu siku nne?"

"Kazi."

Kobe hakubishana. Alianza kutembea chumbani taratibu. Akatazama nyuma ya pazia: mashati mawili yametundikwa. Akatazama kochi la wageni: mto wa kulalia umesukumwa nyuma. Mwishoni akaja mezani, kwenye kikombe cha kalamu, akachomoa kalamu moja, ya pili, halafu akachomoa mswaki.

"Huu unaandika rangi gani?"

Katibu akaketi. Uso wote ukashuka.

"Mke wangu amenifukuza, afande. Nimelala kwenye hilo kochi tangu Alhamisi. Funguo zote ziko kwenye pete moja, ya mlango mkubwa, ya kabati, ya choo. Sasa ningeingiaje? Nakuomba, mwenyekiti asijue. Nimeshamwambia mama mkwe niko safari ya kikazi."

Kobe alitaka kucheka, akajizuia, kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa inasema saa saba na nusu. Hapo ndipo angeweza kuondoka akiwa mikono mitupu. Lakini yeye hakuwa mtu wa kuondoka.

"Jumamosi ulikuwa humu tangu asubuhi?"

"Nilikuwa nimejificha. Nilitaka kwenda kuoga, bafu liko mwisho wa korido, na masijala iko katikati. Nikawa nachungulia kama yule mama ameondoka. Kumbe hana habari ya kuondoka! Tangu saa mbili mpaka saa sita amebandika makaratasi yake kwenye kioo cha dirisha, jua linamulika kwa nyuma, anafuatisha tu. Nikasema huyu na sare zake ataniua kwa jasho."

"Makaratasi makubwa kiasi gani?"

Katibu akafungua mikono. Ikatosha upana wa mlango.

"Uliwahi kuona shati la mtoto," Kobe aliuliza, "lenye upana huo?"

*

Mama wa masijala alikuwa anashona Kobe aliporudi. Cherehani iko juu ya meza, shati jeupe la shule linapita chini ya sindano, na mashati mengine mawili yameisha, yamekunjwa pembeni. Kobe hakumsalimu. Alifunga mlango, akageukia msumari, akatungua zile karatasi ngumu moja moja, akazigeuza.

Upande wa ndani wote ulikuwa umejaa wino. Barabara, vilima, majina ya vijiji.

Cherehani ilinyamaza.

"Unazichanganya," mama alisema. "Nimezipanga kwa umri wa watoto."

"Kwa nini hukuichoma, mama? Ungeichoma nisingekuwa na kitu mkononi."

"Karatasi nzuri vile?" Alisema kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeambiwa achome mkate. "Haichaniki, haikunjamani, inakaa miaka. Sijatupa karatasi ya kukatia tangu nianze kushona. Nilipomaliza nikaiona imelala pale, nikasema hii ni mashati ya miaka kumi."

"Na kalamu ya wino nani alikufundisha?"

"Marehemu mume wangu. Alikuwa anachora hapo chini, meza ya pili. Tulipokuwa wachumba alikuwa ananishika mkono tunafuatisha pamoja." Akacheka kidogo, akaacha. "Uliona matundu?"

"Shemeji yako ndiye aliyeyaona."

Hapo mlango ukafunguliwa, sajini akaingia anahema, karatasi mkononi.

"Afande, hakunijibu swali. Nilipomuuliza tu akaomba kalamu. Ameandika maelezo. Kwamba ni yeye, peke yake, alibadilisha mstari kwa hiari yake. Amesaini."

Kobe akaisoma. Akaiweka juu ya shati jeupe, mbele ya mama wa masijala. Naye akaisoma, midomo inatembea. Aliisoma mara mbili.

"Mjinga huyu," alisema kwa sauti ndogo. "Mjinga mkubwa huyu."

"Nisaidie vipande."

Wakavitandaza sakafuni. Sajini akasukuma viti. Mgongo ukakaa Kati. Mikono miwili ikawa milima ya Juu. Kifua cha kushoto na cha kulia vikawa mashamba ya Chini, mfuko ukaja na sahihi ya mzee. Pembeni yakaonekana yale matundu ya pini, yamelegea, na duara zake, na katikati ya kila duara kuna kitobo kipya cha sindano. Mto ukashuka kutoka mkono wa shati, ukafika penye kambi ya matofali, ukaingia kwenye tundu. Pale palikuwa sakafu tupu. Kipande kirefu chembamba kilikosekana, umbo la kola.

Saa nane na nusu.

"Kola iko wapi?"

"Hiyo hamuipati."

"Mama."

"Usiniite mama kwa sauti hiyo!" Alisimama, na kwa mara ya kwanza alionekana mrefu. "Unajua dada yangu anakoishi? Chini, kwenye mwisho wa mfereji. Miaka mitatu hao wa Juu na wa Kati wanakaa kule bungeni, thelathini na mmoja, wanainua mikono, lango linafungwa. Dada yangu anachimba mchangani apate ndoo moja. Mbuzi wameisha. Mtoto wake wa mwisho tulimzika kwa kuhara. Mimi nakaa hapa napiga mhuri barua za watu wa kule, miaka mitatu, barua tatu kwa wiki, 'tunaomba maji', napiga mhuri 'imepokelewa', naweka kwenye faili. Kila faili unaloliona ukuta ule ni hilo. Sikuchukua hata senti ya mtu. Vidole vitatu vya mto, afande. Wangebishana, wangesaini, wangelala. Sikujua watamfunga yeye."

Sajini aliutazama ukuta ule. Mafaili yalifika darini.

"Ningekuwa wewe sijui ningefanyaje," Kobe alisema. "Lakini sasa ni hivi. Nikipanda juu bila kola, mwenyekiti anasaini karatasi yako. Dada yako anapata maji. Na hii hapa," akagonga yale maelezo, "inakwenda kortini na mtu wake. Nitasimama niseme ni wewe, wakili atasema mzee ameshakiri, ramani ni halali, mimi natafuta nini. Utakuwa nje, yeye ndani. Utawaambia watoto nini juu ya baba yao mkubwa?"

Nje mtu alipita na kiatu kinacholia.

"Miaka saba?" mama aliuliza.

"Saba."

Alikaa. Akachukua shati moja kati ya yale yaliyoisha, jipya, limepigwa pasi, jina la mtoto limedariziwa ndani. Akalitazama. Halafu akachukua mkasi mdogo, akaanza kufumua kola, mshono baada ya mshono, bila kuharibu kitambaa. Kutoka ndani ya kola akavuta karatasi nyembamba ndefu, ukingo wake umekatwa mviringo.

"Niliitumia kukazia," alisema. "Kola ya kwanza iliyosimama vizuri namna hii."

Kobe akaipokea, akapiga magoti, akaiingiza mahali pake. Mto ukapita kwenye kola bila kukatika, kwenye mkono mpya, chini ya kambi.

*

Saa tisa kasoro dakika sita vipande vilikuwa vimebandikwa kwa pini juu ya meza ya mwenyekiti. Mjumbe wa Chini aliruka juu.

"Hii ni nini? Mheshimiwa, hii ni gauni, si ramani!"

"Ni shati," mwenyekiti alisema, ameinama na miwani yake. Alipapasa matundu moja moja kama Kobe alivyomwelekeza. Akaiweka ile nyingine pembeni, akazilinganisha sahihi: moja wino wake umetembea, nyingine imekwenda kwa kusitasita kama mtu anayevuka jalala. "Ni shati, mheshimiwa, na mto unapita kwenye kola. Karatasi imekatwa, lakini hakuna kilichopungua."

Akasaini juu ya mfuko. Viti vikabaki vilivyokuwa. Mjumbe wa Juu akaanza kupiga makofi, akaona anapiga peke yake, akaacha.

"Na barua za maji?" Kobe aliuliza. "Masijala imejaa."

"Hilo halimo kwenye ramani, afande," mwenyekiti akajibu, na kusema kweli hakumtazama usoni.

Chini, kwenye korido, walikutana. Mzee mchora ramani alikuwa ndio ameshushwa kwenye gari, amerudishiwa mkanda wake lakini hajauvaa, ameushika mkononi. Mama wa masijala alikuwa anatolewa na sajini, na sajini, kwa heshima aliyokuwa hajafundishwa na mtu, alikuwa amefunika pingu kwa lile shati jeupe lisilo na kola.

Walisimama. Kobe akageuka akawa anasoma tangazo ukutani.

"Ningekaa mimi, shemeji," mzee alisema. "Mimi sina wa kumlea."

"Ndiyo maana nimekutoa. Sasa unao."

Mzee akaangalia chini, akaangalia mkanda wake.

"Wanakula saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Wakubwa wanajipakulia. Yule mdogo usimlazimishe, umbembeleze, na uji asipewe mwepesi, hawezi." Akafikiri kidogo. "Kama wewe."

"Sawa."

"Na hilo shati lake, afande akimaliza nalo, mpelekee. Atalivaa hivyo hivyo bila kola."

Sajini akafungua mlango wa gari. Kobe akaupeleka mkono shingoni bila kujua, kwenye kile kifungo cha juu. Kilikuwa kimekaza vizuri, na ndivyo kilivyokaa mpaka alipostaafu.